Kujitapa kwa Msimu: Ngoma, Ua wa Minyaa na Simu za Wazazi wa Simiyu

Ugomvi wa marafiki wenye watoto, Bariadi kama kwingineko nchini, siku hizi huanzia mahali padogo. Picha za ubatizo zinaonekana statasi, na rafiki aliyejifungua mwaka uleule na mwenye picha anagundua kwamba hakualikwa. Habari ya mtoto kuzaliwa inamfikia shoga wa miaka kumi dakika ileile inapomfikia muuza vocha wa stendi. Orodha ya michango ya mahafali ya chekechea inapachikwa kwenye grupu, jina kwa jina na shilingi kwa shilingi, na walioahidi bila kutoa wanasomeka mwishoni kama wadaiwa sugu. Hakuna aliyetukanwa, lakini salamu zinapungua, na baada ya muda watu wawili waliokuwa wakiachiana watoto wanabaki kuchunguliana kwenye simu. Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba simu imewafundisha wazazi kujitapa. Historia ya eneo hili haikubaliani na maelezo hayo. Usukumani, ambako Bariadi imo, watu walijitapa kabla ya simu, kabla ya redio na kabla ya Mjerumani, tena kwa ustadi mkubwa. Ila kujitapa kwao kulikuwa na mipaka: kulikuwa na uwanja wake, msimu wake na wapinzani wake waliojulikana, na mtoto na ng'ombe walibaki ndani ya ua. Kilichoharibika ni ule ua uliotenga uwanja na nyumba, na urafiki ulikuwa ukiishi nyuma ya ua huo.

Mkoa wa Simiyu ni mpya kwa jina. Ulianzishwa rasmi mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, ukaongezewa Busega iliyotoka upande wa Mwanza, na makao makuu yakawekwa Bariadi. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157. Ile ya 2022 ikahesabu 2,140,497. Lakini chini ya ramani hiyo mpya ya wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega kuna ramani ya zamani ya himaya za Ntuzu, Itilima, Kanadi, Dutwa na nyinginezo, kila moja na ntemi, yaani chifu, wake, hadi serikali ya Tanganyika huru ilipofuta utawala wa machifu mwaka 1963. Maisha ya himaya hizo yameandikwa zaidi ya yale ya maeneo mengi ya bara. D. W. Malcolm, ofisa wa kikoloni, alitoa kitabu chake juu ya Usukuma mwaka 1953, na mwaka huohuo Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyeajiriwa na serikali kuchunguza mila, akachapisha kitabu chake cha sheria na desturi za Wasukuma. Hao waliandika ili nchi itawalike, hivyo yafaa kuwasoma kwa tahadhari. Baadaye wakaja wachunguzi wa nyimbo na ngoma, kama Elias Songoyi na Frank Gunderson, waliosikiliza Wasukuma wakijieleza wenyewe. Tukiyaweka maandishi hayo kando ya simulizi zinazorudiwa vijijini, tunapata picha ya jamii iliyojua vizuri sana raha na hatari ya kuonekana.

Simulizi maarufu kuliko zote ni ya waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliobishana dawa ya nani ina nguvu zaidi. Ubishi wao ulipelekwa uwanjani: kila mmoja acheze na wafuasi wake, siku moja, na watazamaji waamue kwa miguu yao. Atakayezungukwa na umati mkubwa ndiye mwenye dawa kali. Kutoka hapo zikazaliwa pande mbili zilizoigawa Usukuma nzima, Wagika na Wagalu, na mashindano yao yanachezwa hadi leo. Kila kundi lilikuwa na ningi wake, mtunzi na kiongozi wa wimbo, aliyesifu upande wake na kuurushia madongo upande wa pili. Lilikuwa na mavazi yake, vituko vyake na dawa za kuvuta watu. Bugobogobo, ngoma ya majembe inayohusishwa na Wagalu, ilitoka shambani ikaingia uwanjani na kuwa maonyesho. Katika miaka ya 1950 Padri David Clement, Mkanada, aliyakaribisha mashindano hayo Bujora, karibu na Kisesa, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, ikawa sherehe ya Bulabo. Jambo la kuzingatia ni kipimo cha ushindi. Hapakuwa na jopo la waamuzi wenye kalamu. Mshindi alipimwa kwa idadi ya macho. Kwa hiyo anayedhani kiu ya kutazamwa na wengi ililetwa na kampuni za California, Ngika na Gumha wanamkanusha kwa zaidi ya miaka mia moja.

Hata hivyo kiu hiyo ilifungwa kwa kamba tatu. Kamba ya kwanza ni msimu. Ngoma za ushindani zilichezwa baada ya mavuno, kuanzia takriban Juni, mtama ukiwa ghalani na watu wakiwa na nafasi. Mvua za kwanza zilipokaribia, jembe liliwaita wote shambani na majivuno yakalala. Kamba ya pili ni uwanja. Mtazamaji alitembea hadi pale, akasimama upande alioutaka, na jua lilipozama akarudi kwake; wimbo wa dhihaka haukumfuata kitandani. Kamba ya tatu ni upande. Mtu alipojitapa alijitapa kama Mgika mbele ya Mgalu, au Mgalu mbele ya Mgika, na aliyedhihakiwa alikuwa na ningi wake wa kumjibia palepale. Si kwamba hakuna aliyeumia: majina yalitajwa na maneno yalichoma. Lakini aliyechomwa alijua amechomwa na nani, wapi na kwa nini, na alijua kwamba mwezi wa kupanda mbegu mshindi na mshindwa watakutana kwenye shamba moja, kwa sababu majirani wa kijiji kimoja hawakuwa wote wa upande mmoja. Ushindani uliruhusiwa kuwa mkali kwa kuwa ulikuwa na mwisho unaojulikana.

Nyumbani mambo yalikuwa kinyume. Wasukuma wa zamani hawakujenga kwa kubanana. Miji ya familia ilitawanyika, na mingi ilizungukwa na ua wa minyaa, ile mimea ya utomvu mweupe ambayo wengi huiita manyara. Ndani ya ua walilala ng'ombe, na ng'ombe ndiyo ilikuwa benki, mahari na heshima. Mtu angetarajia mali kama hiyo itangazwe. Badala yake palikuwa na desturi ya kubilisa: mwenye ng'ombe wengi aliwagawa kwa marafiki na jamaa wa mbali wawatunze. Aliyepokea alipata maziwa na samadi. Mwenye mali alipata usalama, maana ugonjwa au ukame ukipiga kijiji kimoja, hakupoteza kundi zima. Desturi hiyo ilikuwa na faida nyingine isiyoonekana kwenye hesabu za mabwana mifugo. Mpita njia hakuweza kujua tajiri ni nani kwa kutazama zizi, kwa sababu waliokuwamo huenda si wa mwenye zizi, na wa mwenye zizi huenda wanalala bonde la pili. Aliyejua ni rafiki. Hapo urafiki ulikuwa na maana ya kazi kabisa: rafiki ni yule anayejua ng'ombe wako wanalala wapi, na hasemi. Thamani yake ilitokana na kujua ambacho wengine hawakijui.

Mtoto alitunzwa kwa mantiki hiyohiyo. Kama ilivyo katika jamii nyingi za Tanzania, mtoto mchanga hakutolewa nje ovyo, na alifungwa hirizi za kumkinga na jicho la watu. Aliyetaka kumwona alikwenda kwa miguu, na kwenda kwenyewe, "kumwona mzazi", kulikuwa tendo la urafiki lenye mpangilio: bibi na mashangazi kwanza, marafiki wa karibu, kisha majirani, kila mmoja na alichobeba mkononi. Nani alijua mapema na nani alikuja baadaye ilikuwa ramani ya mahusiano, na kila mtu aliisoma bila kuambiwa. Kitu kimoja tu cha mtoto kilitangazwa kwa wote, nacho ni jina. Majina ya Kisukuma yalibeba habari ya nyumba: Kulwa na Doto kwa mapacha, Shija kwa anayewafuata, Mbula kwa aliyekuja na mvua, Milembe kwa aliyekuja na amani. Lakini pia Nzala, njaa, Makoye, shida, Maduhu, hakuna kitu. Mzazi aliyemwita mwanawe Makoye aliwaambia wote kwamba mwaka ule haukuwa mwema kwake, na akawapa ruhusa ya kumhurumia. Statasi ya leo ni tangazo la nyumba pia, ila imefuta nusu ya majina hayo. Ina akina Milembe wengi, na Makoye haonekani. Anayezisoma kila siku anaamini kwamba shida imebaki kwake peke yake.

Nguzo nyingine ya urafiki wa zamani ilikuwa kazi. Kundi la kazi la kijiji, elika, liliongozwa na nsumba ntale, kiongozi wa vijana, likilima na kupalilia mashamba kwa zamu huku likiimba. Wajibu wake ulikuwa wa wazi: aliyekosa kufika alijulikana, na aliyekosa mara nyingi alitozwa faini au alitengwa, akanyimwa msaada wa shambani. Hapo hapakuwa na upole. Elika lilimwaibisha mtu mbele ya wenzake kwa ukali usiopungua wa grupu lolote la leo. Tofauti iko kwenye namna shauri lilivyofungwa. Faini mara nyingi ilikuwa mnyama aliyechinjwa na kuliwa na kundi, na nyama ilipoisha kosa nalo lilikwisha. Aliyekosa alirudi kwenye mstari wa majembe siku iliyofuata. Anayetaka kuelewa kwa nini orodha ya michango kwenye simu inauma kuliko faini ya zamani aanzie hapa. Grupu la michango limerithi nusu moja ya elika, nusu ya kumtaja asiyetoa. Nusu ya pili, ile ya kumla mbuzi pamoja na kusahau, haikurithiwa. Jina la mdaiwa linabaki pale, linaweza kupigwa picha na kutumwa kwingine, na hakuna mlo unaolifuta.

Ua haukubomoka siku moja, na si haki kuitupia simu lawama yote. Pamba ilianza kazi hiyo mapema. Katika miaka ya 1950, wakati Paul Bomani na wenzake walipounganisha vyama vya wakulima na kuanzisha shirikisho la ushirika la Victoria mwaka 1955, pamba ilikuwa imeenea mashariki kuelekea Maswa na Ntuzu, ikaleta fedha taslimu kila msimu. Fedha ya pamba ilinunua baiskeli, bati na nguo, yaani mali ambayo haiwezi kubiliswa: bati lang'aa kwa kila mpita njia, na mwenye baiskeli anaonekana akiipanda. Halafu ikaja amri ya Novemba 1973, Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba kuishi katika vijiji ni lazima, na mwaka uliofuata operesheni ikafika Usukumani. Familia zilizokuwa zimetawanyika nyuma ya minyaa yao zilipangwa kwa mistari. Mengi yamesemwa juu ya operesheni hiyo, ya huduma zilizosogezwa na ya mashamba yaliyoachwa. Lisilosemwa sana ni kwamba ilibadili mtu anachokiona akisimama mlangoni. Moshi wa jikoni kwa jirani, mgeni anayeingia kwake, mtoto aliyevaa viatu vipya: yote yakawa ndani ya upeo wa macho.

Hata hivyo, katika kipindi hicho chote cha kati, kuonekana kuliendelea kuwa na mlango. Picha ya studio ilikaa kwenye albamu, na albamu alipewa mgeni aliyekuja, aitazame ugali ukisongwa; hakuna aliyeiona bila kuwa amekaribishwa. Redio nayo ilileta salamu. Vilabu vya salamu vilistawi nchi nzima, na katika Kanda ya Ziwa watu walituma kadi zao ili majina ya marafiki na watoto yasomwe hewani, baadaye hata kwenye vituo vya karibu kama Radio Free Africa ya Mwanza na Sibuka FM ya Maswa. Kutuma salamu redioni lilikuwa tendo la hadhara kabisa, na lilikuwa na majivuno yake: aliyetajwa alitembea kifua mbele. Lakini tazama lilivyojengwa. Mtumaji hutaja wengine, si yeye. Hutumia nafasi yake ya hadhara kumheshimu rafiki. Salamu za redio na statasi zote ni njia za kufikia watu wengi kwa mkupuo, lakini moja iliwapa marafiki majina na nyingine inawapa kazi ya kutazama. Hivyo chombo chenyewe hakitoshi kueleza mambo; kinachotofautisha ni desturi inayoshikilia chombo.

Statasi za picha za WhatsApp zilianza mwaka 2017, na ndizo, zaidi ya Facebook au Instagram, zilizoingia katika urafiki wa wazazi wa miji kama Bariadi. Sababu ni kwamba statasi huonekana na walio kwenye orodha ya namba: mwalimu, mkwe, mwenye duka, mdai wa kikoba, na yule shoga wa miaka kumi, wote kwa safu moja. Ramani ya nani ajue kwanza imelazwa tambarare. Na waliomo si wageni. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Leon Festinger alieleza kwamba binadamu hujipima kwa kujilinganisha hasa na wanaofanana naye, wala si na walio mbali. Msichana wa Bariadi haumizwi na nyumba ya mcheza filamu. Anaumizwa na sherehe ya mtoto wa mwenzake aliyesoma naye Maswa. Kwenye uwanja wa Wagika na Wagalu ulinganisho ulielekezwa kwa mpinzani. Kwenye statasi hakuna upande wa pili, kwa hiyo ulinganisho humwangukia aliye karibu, naye ndiye rafiki. Tena hana ningi wa kumjibia. Akinyamaza anaonekana ana kijicho, akisifu anasifu kwa shingo upande, na akiweka picha za mtoto wake siku inayofuata anaonekana anashindana. Njia zote tatu zinapunguza urafiki, na mwenye picha hajui kwamba amefanya lolote.

Wa kwanza kupinga hoja hii atasema kwamba inapamba yaliyopita. Ana haki ya kusema hivyo, na jibu lazima liwe la kweli. Desturi ya kuficha mtoto na mali ilisimama kwa sehemu juu ya hofu ya uchawi, na hofu hiyo iliua. Simeon Mesaki na watafiti wengine wameandika jinsi wanawake wazee wa Usukumani walivyouawa kwa tuhuma za kuloga, baadhi yao kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyochomwa na moshi wa kuni na samadi. Jamii iliyofundishwa kwamba jicho la jirani linaua mtoto ilifundishwa pia kumtafuta mwenye jicho. Hakuna mwenye akili anayetaka kurudisha hofu hiyo. Lakini ua na hofu ni vitu viwili, ingawa vilikaa pamoja. Ngoma zilifungwa kwa msimu kwa sababu ya kilimo, kubilisa kulilinda mifugo dhidi ya ukame, na mpangilio wa kumwona mzazi ulitokana na heshima ya ukoo. Mipaka hiyo ilikuwa na sababu zake za maana zisizohitaji mchawi hata mmoja. Na ikumbukwe kwamba kuondoa ua hakujaondoa hofu. Mzazi anayeziba uso wa mtoto wake kwa kikatuni kabla ya kuweka picha hadharani anaendelea kuliogopa jicho. Ameongeza tu idadi ya macho.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba simu imeokoa urafiki mwingi kuliko iliouvunja. Wasukuma ni watu wa kuhama. Kwa miongo kadhaa wamesogea na mifugo yao kwenda Rukwa, Katavi, bonde la Usangu, Morogoro hadi Lindi, na bibi aliyebaki Itilima asingeuona uso wa mjukuu kama si picha iliyotumwa. Ni kweli, na hoja ya ua inapata nguvu kutoka hapo. Picha aliyotumiwa bibi ina anwani. Ni kumwona mzazi kwa miguu ya umeme. Mtoto ameonyeshwa kwa anayehusika, naye hujibu kwa baraka, kwa jina la ukoo, au kwa hela ya maziwa kupitia simu ileile. Hiyo ni tofauti na picha iliyoachwa njiani aione kila apitaye. Kwa hiyo swali la kumuuliza mzazi si kama ana haki ya kutuma picha. Swali ni kama picha ina mtu inayemwendea. Na anayesema kwamba simu janja bado si za kila nyumba Simiyu, hivyo jambo hili ni la watu wachache wa mjini, asahau kidogo idadi ya simu na atazame mikono inayozipokea: simu moja hutazamwa na wengi, na maneno ya statasi hufika kisimani kabla ya mwenye simu.

Kuna wanaosema pia kwamba kijicho ni ugonjwa wa anayetazama, basi ajitibu mwenyewe. Usemi huo unapendeza sikioni, ila taasisi zetu zenyewe zimeanza kuukataa. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora wa kitaifa, baada ya miaka mingi ya desturi hiyo. Hakuna aliyedai kwamba kufaulu ni dhambi. Ilionekana tu kwamba mpangilio wa hadharani hauna tija. Sheria nayo inasogea, japo kwa upande wake. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, inayoziangalia zaidi taasisi zinazokusanya taarifa kuliko mama na picha zake. Ufaransa ilikwenda mbele zaidi mwaka 2024 kwa sheria inayowataka wazazi kulinda pamoja haki ya mtoto juu ya sura yake. Lakini sheria humtazama mtoto na mzazi, au raia na taasisi. Urafiki haumo. Hakuna kifungu kitakachomwambia mzazi ampigie rafiki yake kabla ya kuutangazia mji, kama ambavyo hakuna sheria ya ntemi iliyosema rafiki ajue ng'ombe wanalala wapi. Mambo hayo hulindwa na desturi, na desturi hutungwa na watu wanaoishi nayo.

Simiyu haina haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kutunga desturi hiyo. Wafugaji wa Usukumani wana ngitili: eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, mifugo isiingie, hadi kiangazi kinapokaza na nyasi za kwingine zimekwisha. Ngitili zilikuwa zimepotea sana baada ya operesheni ya vijiji na kufyekwa kwa misitu, hadi mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986 katika Shinyanga ya wakati ule, iliyojumlisha Bariadi, Maswa na Meatu. Inakadiriwa zaidi ya hekta 300,000 zilirudi. Kilichofanya zirudi ni sheria ndogo za wanavijiji na mikutano ya dagashida iliyomtoza faini aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati. Hakuna mfugaji aliyeona kwamba kufunga ngitili ni uchoyo, wala kwamba nyasi zinaonewa kwa kutoliwa leo. Wazazi wachache wanaopatana kwamba habari ya mtoto itafika kwa simu ya sauti kwa watu watano kabla ya kufika statasi, kwamba orodha ya michango atatumiwa mweka hazina na si grupu zima, kwamba mtoto wa mwenzako hawekwi pichani bila mwenyewe kuulizwa, wanafunga ngitili ndogo. Ndani yake kunabaki kitu kibichi cha kumpa rafiki anayekuja kwa miguu, ambaye bado hajaona picha na anaomba aletewe mtoto amshike.